Karatasi, ukindu, kitenge au shanga? Kuchagua mapambo ya Noeli ya kutengeneza nyumbani

Kabla ya kukata hata kipande kimoja, angalia unakaa wapi. Desemba ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja ni joto na unyevu mchana kutwa. Desemba ya Njombe, Kericho au Machame ina baridi ya asubuhi na manyunyu. Sebule ya Hamburg au Toronto ina hita inayokausha hewa mpaka midomo inapasuka. Pambo lilelile halidumu sawa katika nyumba hizo tatu. Nyota ya karatasi inayokaa imara Nairobi mpaka Mwaka Mpya hulegea ncha Mombasa ndani ya siku chache, na kengele ya ukindu ambayo Pemba ingedumu miaka hukauka na kuanza kukatika nyuzi ikitundikwa karibu na hita ya Ulaya.

Tunalinganisha hapa nyenzo nne ambazo familia nyingi za Kiswahili zinaweza kuzipata bila shida: karatasi, ukindu, mabaki ya kitenge, na waya wenye shanga. Kigezo kilicho mbele ya vyote ni hiki: mwakani pambo litatoka kwenye boksi likiwa zima? Desturi ya familia hujengwa na kile kinachorudi. Mtoto akiikuta nyota aliyoishona mwaka jana, atataka kushona ya pili iwe kando yake, na hapo familia imeshapata jambo la kila Desemba bila mtu kulitangaza.

Anza na kitakachobeba

Mapambo ya mkono hutofautiana sana uzito, na tawi lisilofaa huangusha kazi nzuri. Pwani wengi hukata mvinje. Unapatikana kwa urahisi na kijani chake kinapendeza, ila vitawi vyake ni vyembamba na vinaning'inia. Nyota ya karatasi ya gramu 2 vinaibeba vizuri. Nyota ya shanga ya gramu 15 inateleza hadi sakafuni. Ukikauka, vitawi hivyo hukatika kwenye vifundo vyake na kumwagika kila mlango unapobamizwa.

Saipresi ya nyanda za juu, ile ya uzio wa mashamba huko Kenya na ya shamba la miti la West Kilimanjaro, ni ngumu zaidi, ina harufu nzuri, na hushika gramu 20 bila kulalamika endapo utatundika karibu na shina. Msindano, ambao umejaa kwenye shamba la Sao Hill kule Mufindi, una sindano ndefu zinazolala chini. Kwa mbali unavutia, lakini mapambo madogo humezwa ndani yake. Popote unapopata tawi, linunue kwa mtu anayepogoa miti yake au mwenye kibali. Msitu wa hifadhi hauguswi kwa ajili ya sikukuu.

Mti wa plastiki hubeba chochote na hurudi kila mwaka, kwa hiyo kwa kigezo chetu unafaulu. Tatizo lake ni kwamba unauzwa ukiwa umeshajaa kijani kizito, na pambo la ukindu lenye rangi ya asili hupotea ndani yake. Ukiwa nao tayari, utumie na mapambo ya rangi kali: kitenge au shanga nyekundu.

Ila kwa mapambo ya mikono, chaguo letu ni tawi kavu. Tafuta tawi la mpera au la mkahawa lililokatwa wakati wa kupogoa, urefu wa mita 1 hadi 1.5, lenye vijitawi vingi. Ondoa maganda yanayobanduka, pitisha msasa, kisha paka chokaa mara mbili. Chokaa tupu huacha unga kwenye nguo na kwenye mapambo, hivyo changanya vijiko 2 vya gundi nyeupe kwa kila nusu lita. Lisimamishe kwenye ndoo ya lita 10 iliyojaa kokoto na mchanga. Halimwagi majani, halihitaji maji, linabeba uzito, na kila pambo linaonekana kwa sababu hakuna majani ya kulificha. Litunze stoo, mwakani ongeza mkono mmoja wa chokaa.

Wanaotaka tawi bichi wajue kosa linalorudiwa kila mwaka, nalo ni kulichimbia kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Mchanga unashika shina lakini hauna cha kulinywesha. Weka kokoto, jaza maji, na ongeza kila asubuhi. Dakika chache kabla ya kulisimamisha, kata tena sentimita 2 za chini ya shina, maana utomvu ukishaganda pale maji hayapandi. Kwa joto la pwani, usiliingize ndani kabla ya tarehe 15 kama unataka liwe bado kijani siku yenyewe.

Karatasi: rahisi kuanza, ngumu kutunza

Cheni ya karatasi ndiyo kazi ya watoto wadogo, kuanzia miaka 4. Karatasi moja ya A4 ukiigawa kwa upana wa sentimita 3.3 hutoa vipande 9 vya urefu wa sentimita 21. Karatasi 8 hutoa vipande 72, na hivyo vinatosha cheni inayozidi kidogo mita 4, yaani ukuta mmoja wa sebule ya kawaida pamoja na ule ulegevu wake wa katikati. Funga kwa stepla badala ya gundi ya unga wa ngano. Uji wa ngano unashika vizuri siku ya kwanza, lakini pwani huota ukungu, na mende huufuata usiku. Asubuhi utakuta cheni imeachia sehemu tatu na kingo zimetafunwa.

Karatasi za krepe zina hatari nyingine. Rangi yake hutoka ikilowa. Tone moja la mvua kupitia dirishani, au mkono wa mtoto wenye jasho, na ukuta mweupe unabaki na doa jekundu ambalo sabuni hailiondoi. Zitumie mahali ambapo hazigusi ukuta wala kitambaa cha meza.

Kazi ya karatasi inayostahili muda wa mtu mzima ni nyota ya Fröbel, iliyopewa jina la Friedrich Fröbel (1782–1852), mwalimu wa Kijerumani aliyeanzisha shule za chekechea. Inasukwa kwa vipande vinne tu, bila gundi. Msusi wa mikeka ataielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

Kata A4 ya gramu 80 kwa urefu wake, vipande vya upana wa sentimita 1. Unapata 21, yaani nyota 5 na kipande kimoja cha akiba. Uwiano unaotakiwa ni upana 1 kwa urefu 25 hadi 30. Ukikata upana wa sentimita 1.2 kwenye karatasi hiyohiyo, mikia itakuwa mifupi na utakwama kwenye ncha za mwisho, baada ya kazi yote.

Kunja kila kipande katikati na uchonge ncha zake kwa mshazari. Suka vinne hivyo viwe mraba: kila kimoja kinambana jirani yake, na cha nne kinaingia katikati ya cha kwanza. Vuta mikia yote kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka mraba ukaze na usionyeshe mwanga katikati. Kisha rudisha mkia wa juu wa kila upande juu ya mraba, mmoja baada ya mwingine kwa kuzunguka. Wa nne upenyeze chini ya wa kwanza. Sasa una mraba wenye miguu 8, miwili kila upande.

Chukua mguu wa kulia. Ukunje kwenda nyuma kwa pembe ya digrii 45, ukunje tena uje chini, itokee pembetatu; ifunge pembetatu hiyo katikati na uchomeke mkia chini ya mraba wa karibu. Fanya hivyo mara nne, geuza, fanya nne nyingine. Hizo ni ncha 8 bapa. Ncha 8 za kusimama zinatokana na mikia iliyobaki: ugeuze mkia uwe koni, upenyeze chini ya mraba wa jirani mpaka utokee kwenye ncha bapa, uvute polepole koni isimame. Pande zote mbili zikikamilika, kata mikia iliyozidi.

Nyota ikikataa, mara nyingi kosa liko kwenye mraba wa mwanzo. Ukiwa legelege, koni hazina kinachozibana na zitafunguka zenyewe usiku. Usiendelee, fungua, kaza, anza upya. Karatasi ya manila haifai hapa, kwa sababu hupasuka kwenye mikunjo. Mtoto wa miaka 9 au 10 anaiweza akipewa vipande vya rangi nne tofauti, ili aone kipi kinapita wapi.

Kwa nini karatasi inalegea pwani? Nyuzi zake hunywa unyevu wa hewa, zinavimba, na mkunjo unapoteza ukali wake. Dawa yake ni nta. Yeyusha vipande vya mishumaa meupe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya jiko. Zamisha nyota sekunde 2 au 3 ukiishika kwa uzi, kung'uta, itundike ipoe. Karatasi inakuwa ngumu, inapitisha mwanga kidogo, na unyevu hauingii. Nyota ya nta inarudi mwaka unaofuata hata Zanzibar. Lakini inashika moto haraka kuliko karatasi tupu, kwa hiyo isiwe karibu na mshumaa wala balbu ya moto.

Nyota kubwa ya Wamoravian, kwa wenye Majilio mazima mbele yao

Hii inahitaji kusemwa peke yake kwa sababu ina mizizi huku kwetu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao leo lina nguvu Mbeya na Tabora. Nyota yao ya ncha nyingi ilianzia shuleni Niesky, Ujerumani, katika karne ya 19, na hutundikwa tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma manne ya kujiandaa kwa Noeli, hadi Epifania, tarehe 6 Januari.

Umbo la kawaida lina ncha 25: ncha 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu, zote zikizunguka tufe la pande 26. Upande wa 26, ule wa juu, unaachwa wazi kwa ajili ya waya wa taa. Ukitumia kitako cha sentimita 6 na pembetatu zenye kimo cha sentimita 15, unakata pembetatu 92 kwa jumla na unapata nyota yenye upana wa takriban sentimita 44. Hapa manila ndiyo karatasi sahihi. Chora mikunjo kwanza kwa ncha ya kalamu iliyoisha wino ukifuata rula, la sivyo ncha zitapinda na tufe halitafunga.

Ziunganishe ncha kwa vibanio vya karatasi kwa ndani, acha gundi. Iliyogandishwa haina pa kuhifadhiwa. Iliyobanwa inafunguliwa na kulazwa bapa kwenye bahasha kubwa. Taa iwe ya LED ya wati 3 au chini ya hapo. Balbu za zamani za wati 40 huunguza manila taratibu, na dalili yake ni doa la kahawia linaloanza juu. Kwa nyumba ya watu wawili wenye shughuli, iacheni. Kwa familia yenye vijana watatu au wanne wanaokata ncha chache kila Jumapili ya Majilio, hatujui kazi ya karatasi inayoizidi.

Ukindu: chaguo letu la pwani

Ukindu umezaliwa katika hewa hiyo yenye unyevu, na mikeka inathibitisha uimara wake. Unaweza kuununua sokoni kwa mafungu, mweupe au uliotiwa rangi, na aliye na bibi anayesuka hana haja ya kununua. Pambo tunalolipenda kuliko yote ni kengele, ambayo kwa kweli ni kawa ndogo iliyopunguzwa mpaka ikatoshe kiganjani.

Chana ukindu kwa upana wa milimita 4. Ulowekwe maji dakika 15 hadi 20, kisha uufunge kwenye kitambaa chenye majimaji wakati unasuka, utoe chane chache chache. Chane 5 za upana huo hutoa ukili, yaani utepe uliosukwa, wenye upana wa takriban sentimita 1.4. Kwa kengele yenye mdomo wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 7 unahitaji ukili wa sentimita 70. Kwa vile chane hupita kwa mshazari, utatumia karibu mita 1 ya kila chane, na ukindu haufiki urefu huo. Utaunga. Usiunge chane mbili mahali pamoja. Acha angalau sentimita 4 kati ya muungo mmoja na mwingine, vinginevyo ukili unakuwa na shingo nyembamba na utakatikia hapo wakati wa kushona.

Jambo ambalo wanaoanza hulikosea: kushona ukili ukiwa bado mbichi. Chane zilizolowa zimevimba. Zikikauka zinasinyaa, na kengele iliyoshonwa jana imekaza leo ina matundu na imepinda upande. Suka, vuta, anika kivulini siku nzima, ndipo ushone. Anza kileleni kwa kuzungusha ukili kwenye kidole, shona ukingo juu ya ukingo kwa shazia ndogo au sindano ya gunia na uzi wa ukindu au wa pamba uliopakwa nta, ukilaza milimita 3 za ukili mmoja juu ya mwenzake. Kadiri unavyoshuka, legeza mkono kidogo ili mdomo upanuke. Mkono ukikaza sawasawa mpaka mwisho, utapata bomba. Ndani ning'iniza shanga moja kubwa ya mti au ganda dogo la kome.

Rangi ya unga ya wasusi inachemshwa na ukindu kabla ya kusuka, dakika 20 hadi 30, kisha unaanikwa kivulini. Jua kali hufifisha nyekundu ndani ya siku chache. Zambarau inafaa kwa Majilio, nyekundu na kijani kwa Noeli yenyewe. Wengine huacha rangi ya asili na kufunga utepe mmoja tu, na kwenye tawi jeupe la chokaa sisi tungefanya hivyo.

Kasoro ya ukindu ni muda. Kengele moja ni saa 2 hadi 3 za mtu anayejua. Panga kengele 6, zisizidi, na ujaze mti kwa vitu vyepesi. Walioko Ulaya au Marekani Kaskazini wazinyunyizie maji kidogo mara moja kwa wiki na kuzitundika mbali na hita.

Kitenge: kazi inayoweza kugawanywa

Fundi cherehani yeyote ana mfuko wa mabaki. Omba vipande visivyopungua sentimita 14 kwa 14. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kigumu. Kifue na kukipiga pasi kwanza, maana kikija kufuliwa baadaye kitasinyaa na mishono itajikunja. Kanga pia inafaa, ila ni nyepesi na huonyesha kilichomo ndani, kwa hiyo itie bitana.

Chora nyota ya pembe tano yenye upana wa sentimita 12 kwenye karatasi ngumu, ndiyo iwe kipimo cha kudumu. Kata vipande viwili, viweke uso kwa uso, shona sentimita 0.6 kutoka ukingoni na uache mdomo wa sentimita 3 kwenye upande ulionyooka. Sasa hatua inayotofautisha nyota nzuri na kifurushi. Penye kila pembe ya ndani, zile tano zinazoingia kati ya ncha na ncha, kata mkato mmoja kuelekea mshono na usimame milimita 2 kabla ya kuufikia. Usipokata, kitambaa kinavutana na pembe inajikunja. Ukikata mpaka kwenye mshono, pamba itachungulia. Punguza pia kitambaa kwenye ncha zenyewe. Geuza kwa kijiti cha mshikaki kilichokatwa makali, jaza ncha kwanza halafu katikati, funga mdomo.

Kujaza: pamba au sufi? Sufi ni nyepesi zaidi na haishiki maji, jambo zuri pwani. Lakini inaruka, inawasha pua, na inashika moto kwa kasi ya kutisha. Ijaze nje kwenye baraza, siku isiyo na upepo, na kwa nyumba inayowasha mishumaa umeme ukikatika tungesema pamba. Pamba ikilowa hubaki na unyevu, kwa hiyo nyota za pamba zianikwe kabla ya kurudi kwenye boksi.

Uzuri mkubwa wa kitenge ni mgawanyo wa kazi. Wa miaka 5 anajaza, wa 8 anachora na kukata, wa 12 anashona, na bibi anafunga midomo. Mtu mzima peke yake kwa mkono hutumia kama dakika 40 kwa nyota moja. Kwa cherehani, 15. Mabaki ya gauni la harusi ya shangazi au ya sare ya kwaya yakiingia humo, nyota hizo hazitatupwa na mtu.

Waya na shanga

Hizi zinadumu kuliko zote, kwa sharti moja: waya sahihi. Waya wa kufungia nondo ni wa bei ndogo na unakunjika vizuri, lakini pwani unashika kutu ndani ya msimu mmoja na kuchafua shanga na ukuta. Tumia shaba iliyotolewa kwenye nyaya chakavu za umeme, au alumini. Unene wa milimita 1 kwa fremu. Shanga zitungwe kwenye fremu yenyewe, au kwenye waya wa milimita 0.3 unaozungushiwa juu yake.

Nyota ya pembe tano ina pande 10. Zikiwa za sentimita 4, jumla ni sentimita 40. Kata waya wa sentimita 50 ili upate kitanzi na mafungio. Kwa shanga za milimita 4 unahitaji takriban 100, yaani 10 kila upande. Za milimita 2 unahitaji 200. Tunga shanga za upande mmoja, kunja kwa koleo, tunga za upande unaofuata. Ukitunga zote kwanza halafu ukunje, shanga zilizo kwenye kona hupasuka. Uzi wa pamba usiutumie kabisa. Makali ya shanga za kioo huukata. Badala ya waya mwembamba, mshipi wa kuvulia unafaa.

Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 3 iahirishe shanga. Fundo likifunguka, shanga 100 zimetapakaa sakafuni na yeye ndiye aliye karibu nazo.

Unga wa chumvi: bara tu

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kikombe kisichojaa cha maji. Kanda, sukuma unene wa nusu sentimita, kata maumbo, toboa tundu, oka kwa nyuzi 120 saa 2 hadi 3. Arusha, Iringa na Nairobi hutoka vizuri. Pwani chumvi huvuta unyevu, pambo linatoa jasho, linalainika kwenye tundu na kuanguka. Hata vanishi huchelewesha tu.

Kwa jicho moja

| | Karatasi (Fröbel) | Ukindu (kengele) | Kitenge (nyota) | Waya na shanga |
|---|---|---|---|---|
| Muda wa pambo moja | dakika 20 ukishazoea | saa 2–3 | dakika 15–40 | saa 1 |
| Umri wa kuanza | miaka 9 | miaka 12 na msimamizi | miaka 5 kwa kujaza | miaka 8 |
| Pwani | kwa nta tu | bora | nzuri, ianikwe | nzuri, si waya wa kutu |
| Nyanda za juu | bora | nzuri | bora | bora |
| Sebule yenye hita | bora | hukauka | bora | bora |
| Mvinje unalibeba? | ndiyo | ndiyo, karibu na shina | kwa shida | hapana |
| Adui mkubwa | unyevu, moto | ukungu | panya, unyevu | kutu, mtoto mdogo |

Mwenye wikendi moja tu, na watoto wadogo: cheni ya stepla na nyota 6 za kitenge. Mwenye wiki nne, aliye pwani: kengele 6 za ukindu na nyota 15 za Fröbel zilizotiwa nta, juu ya tawi la mpera. Wa nyanda za juu aanze na nyota kubwa ya manila, kwa sababu hewa yake inairuhusu. Anayekaa Ulaya na kutaka kitu cha nyumbani achague kitenge; hakivunjiki kwenye begi na hita haikigusi.

Majilio yanasaidia kupanga kazi. Jumapili ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Kata na utie rangi wiki hiyo, suka na kushona wiki mbili zinazofuata, tundika Jumapili ya nne. Kama familia huweka taji la Majilio lenye mishumaa minne, lisukeni kwa ukili juu ya duara la waya, maana matawi mabichi hukauka kabla ya mshumaa wa tatu. Kwenye joto la pwani mishumaa myembamba huinama yenyewe ikiwekwa dirishani. Tumia minene, na iwe juu ya vibati.

Epifania ikipita, toa kila kitu juani kwa muda wa saa 2, asubuhi kabla jua halijawa kali, vyenye rangi vikiwa kivulini penye upepo. Panga kwenye kopo la bati lenye mfuniko: shanga chini, kitenge katikati, ukindu juu, karatasi za nta zimetenganishwa kwa gazeti ili zisigandane. Weka vipande vitatu vya mkaa mkavu ndani ya soksi safi kunyonya unyevu, na majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Kopo likae juu ya kabati la chumbani. Chini ya bati la paa joto huyeyusha nta, na nyota zote zitakuwa bonge moja.